Uone Nitakaa Wapi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi kazini bado natazama mawingu ya maada ya giza, ile isiyoonekana huko angani, tunayoyaigiza kwenye kompyuta, niseme lipi limetulia baada ya kugongana na jingine. Umbo la duara hudanganya, Shangazi! Natafuta palipo na msongamano mkubwa zaidi ndani ya wingu. Pakiwa mbali na kitovu cha uzito wote, wingu bado halijatulia.

Nilijifunza kwako. Mama alipofariki, hukuniuliza kama nimetulia. Ulitazama tu nilivyokula kando ya mlango, viatu miguuni, mpaka siku niliposogea mwenyewe katikati yenu. Ahsante sana.

Mume wangu ameondoka nyumbani, hatarudi. Nakuja Jumamosi. Usiniulize kitu, pakua tu chakula, uone nitakaa wapi.

Mwanao.