Aliyeitika Kwenye Kona

Kranjska Gora, Februari

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye theluji. Mimi ni mzima kabisa, ila mapaja yamekaza hata ngazi nazishuka kinyumenyume. Goti lako linaendeleaje? Na yule jogoo mgomvi bado anamfukuza mpeleka barua? Asante sana kwa soksi. Bila hizo leo ningekuwa sina vidole vya miguu.

Barua yako niliipata, kwamba chumba changu umeshakipaka rangi na unanitarajia nihamie Pasaka. Nilikusudia kumwambia mama mkwe Jumapili. Tangu tumzike mume wangu Tilen, tunaishi nyumba moja kama wapangaji: habari za asubuhi, usiku mwema, basi. Mimi namwita Bi Gabrijela, yeye haniiti chochote.

Jumapili ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Tilen. Unajua kila mwaka siku hiyo alipanda na mama yake barabara ya mlimani ya Vršič, theluji ikishaifunga na magari yamekoma. Mimi nilikuwa nabaki jikoni. Safari hii mama mkwe alisimama mlangoni, ameshika kamba ya sleji ya mbao, ile ya Tilen ya kutelezea thelujini, akaniuliza kama nakuja au nabaki kulinda jiko. Nikasema moyoni, vizuri, nitamwambia njiani.

Mama, kikongwe yule ana mapafu! Kila kona ananingoja na kunicheka, eti sisi wasichana wa bondeni tumelelewa kwa keki. Barabara nzima ilikuwa yetu, nyeupe, imetulia. Tulipopita kimo cha mita elfu nikamwita Bi Gabrijela, nikamwomba tupumzike. Akanikemea: kwani sijui desturi? Juu ya mita elfu hakuna Bi wala Bwana, ni majina matupu. Nikajaribu kusema Gabrijela. Lo! Likagoma kutoka. Nikaendelea kupanda, na ile habari ya kuhama nayo sikuisema.

Kule juu, kwenye kibanda cha wapanda mlima, tulikunywa chai, akanimegea nusu ya keki yake ya tufaha bila kuniangalia. Wakati wa kushuka akanikalisha mbele kwenye sleji, yeye nyuma, akasema hapo ndipo alipokaa Tilen, maana waoga hukaa mbele. Tukacheka sote wawili, mara ya kwanza tangu mazishi.

Kisha sleji ikashika kasi. Kwenye kona moja kali palikuwa na barafu tupu, nikaona ukingo unatujia, nikapiga ukelele: Mama! Naye, mikono imenibana kiunoni, akajibu papo hapo: "Nipo, mwanangu, nipo! Inamia kushoto!" Tukaishia ndani ya lundo la theluji, wazima. Akanipangusa uso kwa skafu yake huku analia. Nami nililia, Mama, kwa kushukuru tu.

Basi nakiri: sikumwambia, na sitamwambia. Pasaka tutakuja wote wawili kukusalimia, lakini sihami. Nisamehe kwa rangi yako yote ile, na usione uchungu. Pale kwenye kona nilikuita wewe, ila yeye ndiye aliyeitika.

Nisalimie majirani wote. Gabrijela anapaza sauti kutoka jikoni nikwambie kwamba umelea vizuri, isipokuwa miguu.

Binti yenu nyote wawili,
Neža