Matairi Manne ya Mbayuwayu

2 Februari

Mjukuu wangu Spana,

Gari sikuliuza. Naanza na hilo, salamu zitafuata, maana daktari amenishauri nisiahirishe mambo. Kwa miaka ishirini na sita nimewaambia wote, baba yako, marehemu bibi yako, hata wewe uliponiuliza ukiwa na miaka saba, kwamba lile gari tuliloliita Mbayuwayu lilikwenda kwa wauza vyuma chakavu. Nilidanganya. Limelala chini ya turubai katika ghala la rafiki yangu fundi bodi, mtaa wa nyuma ya kwangu. Tulilinyoosha sisi wawili, kipande kwa kipande, na kazi ikatuchukua miaka kumi na miwili.

Sasa salamu. Hujambo? Baba yako hajambo? Nyonga yake inamsumbua siku za baridi? Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu ambaye moyo wake umeanza kufanya kazi kwa zamu.

Ungeliona, Spana! Buluu ya usiku, viti viwili, silinda sita, nguvu zote zinakwenda magurudumu ya nyuma. Mara moja kwa mwezi nalitoa hadi mwisho wa barabara na kulirudisha, mwendo wa baiskeli, huku fundi bodi akitembea kando na kunicheka. Likiunguruma, chai inatetemeka kikombeni kwa jirani.

Ninachotaka ni hiki: kabla sijaondoka, nikae kiti cha kando baba yako aliendeshe. Tangu ajali ile aliyoipata na Mbayuwayu hajashika usukani, nawe wajua. Kwa hiyo nahitaji matairi ya kuaminika, tena ya barabara, si ya mashindano. Wewe ndiye fundi matairi wa ukoo. Nichagulie.

Nakuandikia kwa anwani ya karakana yenu kwa sababu simu siisikii tena, na nyumbani baba yako angeiona bahasha. Usimwambie kwanza.

Babu yako

9 Februari

Shikamoo Babu!

Sisi hatujambo, nyonga ya Baba haijambo, lakini mimi nusura niage dunia. Barua yako nimeisoma nikiwa chini ya lori. Nilipiga ukelele, fundi mkuu akadhani jeki imeniangukia.

"Spana, umeumia?"

"Babu yangu ana gari la nguvu za farasi mia tatu!"

"Basi toka huko chini ukawe mtu wa maana."

Babu, wewe mwalimu wa fizikia, mtu wa miwani na kalamu mfukoni, umeficha gari miaka yote hiyo! Nimefurahi mpaka nimefunga gurudumu la teksi nyuma mbele.

Lakini Baba? Baba huyu huyu ambaye akipanda basi hukaa kiti cha nyuma kabisa asimwone dereva? Mimi kuendesha nilifundishwa na jirani kwa sababu yeye hakuweza hata kukaa kando yangu. Kutwa yuko kwenye meza yake ya kutengeneza saa, na ukimtajia magari anasema, "Mimi nilikimbiza, nikalipondaponda gari la mzee. Inatosha." Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa mdogo. Ukifanikiwa kumpandisha, nitakuvulia kofia, tena ya chuma.

Haya, kazi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Nisomee hizo. Niambie pia ukubwa wake, mbele na nyuma. Na niambie ukweli, Babu: likiwa na matairi mapya litatoka mara ngapi, na mvua ikinyesha mtarudi au mtaendelea?

Mjukuu wako,
Spana

17 Februari

Spana wangu,

Marahaba, marahaba mara mbili. Barua yako nimeisoma kwa sauti ghalani, na fundi bodi anataka kujua kama fundi mkuu wenu ameoa, maana yeye ana mpwa wa kuozesha.

Tarakimu ni 1411 kwa yote manne. Nyuma ni mapana kuliko mbele, vipimo nimeviandika mgongoni mwa karatasi hii. Meno yake ni marefu, kidole kinazama. Ukiyatazama utasema yametoka dukani jana.

Litatoka labda mara mbili kwa mwezi. Na mvua tutaendelea. Hilo naomba ulishike kuliko yote. Njia ninayoitaka ni ile ya mlimani, ile ile ya ajali, mpaka kwenye kona ya kabla ya daraja. Nataka baba yako aipite kona ile, tena ikiwa imelowa.

Nimesoma sana wiki hii. Fundi bodi anasema tuchukue yale ya mashindano, laini kama ufizi, yananata barabarani. Mimi nimevutiwa na yale wanayoyatangaza kwamba yatatembea kilomita elfu themanini. Tumebishana mpaka muuza duka wa jirani akaja kuamua, na yeye ana baiskeli. Amua wewe.

Daktari anasema moyo wangu usishtuliwe. Nimemwambia nina mjukuu fundi.

Babu yako

24 Februari

Babu mpenzi, shikamoo,

Natumaini umekaa. 1411 maana yake ni wiki ya kumi na nne ya mwaka elfu mbili na kumi na moja. Matairi hayo yana miaka kumi na minne! Usiyatoe tena hata hadi kwa jirani. Meno marefu hayanidanganyi. Mpira unazeeka hata ukiwa umesimama, unakuwa mgumu, na mgumu haushiki lami yenye maji. Gari linalotoka mara chache ndilo lenye hatari hii: matairi yake yanakufa yakiwa bado mazuri usoni.

Kwa hiyo nyote wawili mmeshindwa, na mwenye baiskeli pia. Yale ya mashindano hayashiki mpaka yapate moto, na ninyi yakipata moto mtakuwa mmesharudi nyumbani. Kwenye maji ndiyo usiseme. Yale ya kilomita elfu themanini ni magumu tangu kuzaliwa, na kwa mwendo wenu yangehitaji miaka arobaini kuisha. Unanunua umri ambao mpira wenyewe hauna.

Nimekuchagulia ya tatu. Ni ya barabara, laini kiasi, yenye mifereji mipana ya kutoa maji. Yanaisha upesi, lakini kwa gari lenu hilo si neno. Manne ya aina moja, nyuma mapana kama yalivyo sasa. Pima upepo kila kabla ya kutoka, asubuhi, yakiwa baridi. Yakifika miaka sita niyakague mimi kila mwaka. Yakifika kumi tunayang'oa hata kama yanameremeta.

Na tafadhali usiyapake kitu. Kuna wateja wanatuletea tairi kuukuu lililopakwa dawa nyeusi ya viatu, nyufa zote zimezibwa. Fundi mkuu hupitisha kidole gumba, weusi ukabaki kidoleni, akamwuliza mwenyewe, "Mzee, hili tulifunge kwenye gari au ulivae mguuni?" Karakana nzima hoi!

Nimeshaagiza. Ni zawadi yangu, usibishe.

Mjukuu wako,
Spana

30 Machi

Babu,

Shikamoo. U mzima? Wiki ya tano hii sijapata hata mstari. Nimempigia fundi bodi, akasema ulilazwa siku nne ukatoka, kwamba unakula, lakini huandiki na hutaki kuzungumzia matairi. Nimekukosea wapi? Kama ni kwa sababu nilikucheka na zile elfu themanini, nisamehe.

Matairi yamefika! Yametengenezwa wiki ya tatu ya mwaka huu, yaani ni machanga kuliko mtoto wa dada wa fundi mkuu, na huyo bado hajaota jino. Nimeyatuma kwa lori la mizigo. Fundi bodi ameahidi kuyafunga na kunyoosha magurudumu.

Sasa la pili. Kimya chako kilinitia hofu, nikamwambia Baba kila kitu. Alikuwa na saa ya mtu mkononi, ameifungua. Akaweka kibano chini.

"Lipo?"

"Lipo, Baba. Buluu vile vile."

"Alilitengeneza mwenyewe?"

"Miaka kumi na miwili."

Akaisukuma ile saa pembeni. Kisha, Babu, akaanza kuniuliza! Klachi ni nzito bado? Usukani unavuta kushoto kama zamani? Matairi ni ya namna gani? Nikamweleza mifereji, upana, tarehe, yeye anaitikia tu, "Ehe, ehe," macho yanawaka kama ya mvulana. Mama akatoka jikoni kuangalia nani kaja.

Tunakuja Jumamosi. Lakini amesema atalitazama tu. "Niliyemvunjia mzee gari lake kwa ujinga wa mwendo, nitashikaje ufunguo mbele yake?" Swali hilo si langu. Mjibu wewe.

Mjukuu wako,
Spana

2 Aprili

Spana mjukuu wangu,

Marahaba. Hujanikosea popote. Hizo siku nne za hospitali si kitu. Siku nyingine zote nilikuwa mezani na karatasi tupu, tangu niliposoma habari ya tairi lililopakwa dawa.

Matairi yamefungwa. Nimeyanusa yote manne, nikayabonyeza, fundi bodi akaniuliza kama nanunua maembe. Gari limesimama kama paka anayetaka kuruka. Jana fundi bodi alilipitisha kwenye dimbwi mara tatu, nami nikiwa ndani, na halikuteleza hata unywele. Nilipiga kelele za furaha. Daktari asijue.

Watabiri wa hali ya hewa wanasema Jumamosi kutakuwa na mvua. Vizuri. Ila barua hii inakuja kwa mkono wa dereva wa lori ili ikufikie kabla ya siku hiyo. Msomee baba yako mkiwa bado nyumbani, apate nafasi ya kutokuja akitaka. Kuanzia hapa maneno ni yake.

Mwanangu,

Hujambo? Kama baada ya kusikia haya bado utataka kuja, utanikuta kiti cha kando tangu saa mbili asubuhi, mkanda nimefunga, ufunguo uko mahali pake. Usipokuja nitaelewa, nawe hutanikosea kitu.

Miaka thelathini na mmoja nilifundisha watoto wa watu msuguano. Nilijua mpira mgumu unafanya nini kwenye lami yenye maji, nilijua kwa kanuni na kwa hesabu. Matairi ya siku ile yalikuwa na miaka kumi na mitatu. Wiki moja kabla, fundi wa matairi aliniambia niyatoe, akanionyesha nyufa ubavuni. Mapya yangefika baada ya wiki tatu, nami nilitaka uende kwa wakwe zako na gari linalong'aa, waone mtoto wa mwalimu anavyoingia.

Asubuhi ile ulichuchumaa kando ya gurudumu la nyuma na suti yako mpya. Ukaniuliza, "Baba, haya mazima kweli? Kuna mawingu." Nikakujibu mazima, nenda. Na polisi aliponiuliza kama gari lilikuwa na kasoro, wewe ukiwa bado hujazinduka, nilisema halina, kijana amekimbiza. Nikatia sahihi. Ulipozinduka wakakusomea maneno yangu, nawe ukayaamini kwa sababu niliyasema mimi.

Hukukimbiza, mwanangu. Jana yake, ulipokwenda kwa kinyozi, nilichuchumaa pale pale na kopo la dawa nyeusi ya viatu, nikaziziba nyufa moja moja, matairi yote manne, usizione.

Baba yako