Verlin Brekke na Matundu Manne

Verlin, leo mwaka umetimia tangu ulipoanguka pale getini na kipande cha turubai mkononi, tarehe tisa Oktoba, wiki mbili na kidogo kabla ya msimu wa kuwinda kulungu kufunguliwa. Daktari alisema ni moyo. Hatukuamini. Kati ya watoto wawili wa Thora Brekke, yule ambaye kila mtu alitegemea kuletewa habari zake za kufia njiani ni mimi, kaka yako Harlan, siyo wewe uliyelala kitanda kimoja miaka thelathini.

Tunakuandikia humu gazetini ili na majirani wasikie. Wengi wao walikula nyama kwa kazi ya mikono yako.

Walikuletea maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa, wameyatia kwenye makopo ya kahawa. Ukayasafisha, ukayanyoosha kwenye presi, ile mashine yako ya mpini, ukayatia fataki mpya ya kuwashia, baruti na kichwa cha risasi, kisha ukawarudishia kwenye vijisanduku vyenye jina la kila mtu kwa penseli. Bi Ottilie Fenske wa barabara ya juu alikuwa na bunduki ya marehemu mumewe, ya zamani sana, risasi zake haziuzwi tena popote. Kila mwaka ulimtengenezea ishirini. Kila mwaka alipiga mbili. Na mwaka uliofuata ulimpelekea ishirini nyingine, ukisema zile za mwaka jana huenda zimechoka. Ulikuwa unataka tu kukaa barazani kwake umsikilize.

Ulikuwa na taratibu zako. Kopo moja tu la baruti mezani, la pili marufuku. Redio imezimwa. Ukiwa unapima baruti hukumjibu mtu, hata nyumba iwake.

Kazi yote hiyo uliifanyia jikoni kwa Mama, kwenye kipande cha kaunta kilicho kati ya friji na mlango wa nyuma, shubiri nne kwa upana. Nyumba yenyewe ni ile ya magurudumu ambayo haijasogea tangu Baba aiegeshe. Ulipoachana na mama wa binti yako Janelle ukarudi hapo na vyombo vyako, na kila chombo kilitaka matundu yake. Mama alipohesabu matundu ishirini na matatu kwenye kaunta yake, na unga wa chapati zake za viazi ukimwagika chini kama theluji, alikusimamia kichwani. Ulipenda kunisimulia hili kwa simu, popote nilipokuwa.

"Verlin, ukitoboa tundu moja zaidi nitakuzika humo humo."

"Sitatosha, Mama."

"Utatosha. Nitakukunja."

Ukawaza majira ya baridi yote. Kisha ukaleta bamba la chuma lenye unene wa kidole, ukalizamisha kwenye kaunta mpaka likawa sawa na mbao, ukalitoboa matundu manne ya bolti. Manne tu. Ukaziba yale ishirini na matatu kwa vijiti. Halafu kila chombo ukakifunga juu ya kibao chake cha mwaloni, na kila kibao ukakipa matundu manne yanayolingana na ya bamba. Presi ikawa na kibao chake. Kipimio cha baruti na chake. Kile kimashine cha kupunguza urefu wa maganda, na jiliwa la kubania, vilevile. Hata mashine ya Mama ya kusagia nyama hukuisahau. Kinachotakiwa kinashushwa ukutani, kinakaa pale pale, bolti nne za masikio zinazungushwa kwa vidole, basi. Zamu yake ikiisha kinarudi msumarini na Mama anasukuma chapati.

"Nafasi moja inatosha, Kaka," ulinieleza kwa majivuno, "mradi kila kimoja kikubali kuondoka."

Nilikuja kukuzika nikiwa na begi moja. Nilisema wiki mbili.

Kwenye bamba uliacha kipimio cha baruti, kimejaa nusu. Jirani yetu Clete Amundson alikuja siku ya pili baada ya mazishi, akavua kofia mbele ya kaunta kama yuko kanisani. Kopo lilikuwa pembeni, moja tu, kama kawaida yako.

"Bila shaka baruti hii imetoka humu," nikamwambia.

"Huenda. Lakini mimi sikumwona akimimina, na wewe hukumwona. Baruti ya huenda haiingii kwenye risasi ya mtu, mzee."

Akaitoa nje, akaitawanya kwenye majani chini ya kamba ya kuanikia nguo. Theluji ilipoyeyuka, pale pale pakaota majani ya kijani kuliko uwanja mzima. Tunapita pembeni, hatupakanyagi.

Mama tulimwambia kwamba umefariki. Tulimwambia mara tatu, kwa sababu alisahau mara tatu, na kila mara alilia upya kama mtu aliyeletewa habari mlangoni. Binti yako Janelle akasema, "Ba'mkubwa, hatuwezi kumzika Baba kila Jumatatu." Tukaacha kumwambia.

Lakini saa kumi alasiri ilikuwa saa yako. Miaka yote hiyo, saa kumi Mama alikaa sebuleni na uzi wake wa sufu, akisikia mpini wa presi yako jikoni. Wiki ile jikoni kulikuwa kimya. Akainuka, akatoka hivyo hivyo bila koti. Clete alimkuta barabarani amevaa ndala, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu.

"Namtafuta Verlin," alimwambia. "Kazi haijaanza."

Kesho yake Janelle akaanza kuuliza habari za makao ya wazee kule Lewistown. Na wewe ulikuwa umemwahidi Mama, mbele yetu sote, kwamba huko hatapelekwa. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni sijui la kufanya na mikono yangu. Nikaishusha presi, nikaifunga, nikavuta mpini nione tu kama unateleza. Ule mlio, kwaruzo halafu ko, ukaenda hadi sebuleni. Mama, aliyekuwa amekwisha kuinuka, akakaa.

"Umechelewa leo, Verlin."

"Nimechelewa, Mama."

Hapo ndipo mlango uliponifungia.

Tangu siku hiyo, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, navuta. Kutengeneza risasi sijui, na baruti siigusi. Nina maganda arobaini matupu, yale yale. Naingiza ganda lililonyooka, navuta, natoa ganda lililonyooka, naingiza jingine. Nikimaliza arobaini naanza upya.

Koti langu ni jepesi, kwa hiyo navaa lako. Naendesha gari lako. Dukani wananimiminia kahawa uliyokuwa unakunywa wewe, bila kuniuliza. Mama ananiita jina lako. Nimechunga kondoo Idaho, nimechuma tufaha Washington, nimeshona matandiko ya farasi kwenye mashamba nisiyoyakumbuka majina, na sijawahi kulala misimu miwili mahali pamoja. Januari nilifika hadi darajani. Nikatazama saa, ilikuwa saa tisa na nusu. Nikageuza gari.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yako, ndugu yangu. Chochote chenye matundu yanayolingana kitakaa. Baba alitupa mabega ya aina moja na kikohozi kimoja. Nilishushwa ukutani, nikakaa.

Septemba rafiki yangu Ignacio akanipigia simu. Anakaa jangwani Arizona, kwenye kambi ya wasafiri wa majira ya baridi, na kuna kazi ya kuangalia mageti. "Njoo, babu, kabla barafu haijakugandisha huko," akasema. Nikamwambia Janelle. Akasema, "Umebeba mwaka mzima, Ba'mkubwa. Kuna kitanda. Nitakuja kumchukua Bibi Jumatatu." Tunakwambia sisi wenyewe, usije ukasikia kwa watu: tulikuwa tayari kuivunja ahadi yako, na mara hii mimi ndiye niliyeanza.

Jumapili Clete akaja kuchukua vyombo. Ulikuwa umemwambia zamani kwamba ukitangulia ni vyake. Hakuna kilichomchukua dakika nzima.

"Ndugu yako alifunga kila kitu ili kitoke," akasema.

"Isipokuwa mimi."

Clete akacheka, halafu akaona sikucheka. Akabeba vibao vinne. Cha mashine ya nyama akakiacha. "Ninayo ya kwangu. Imeshanikata vidole vya kutosha."

Nilikuwa nafunga begi. Mwaka mzima nilikuwa mfungwa wa ile saa, na siku hiyo nikaisahau. Nilisikia kiti. Nilipofika jikoni Mama alikuwa na soksi tu, mkono uko kwenye komeo la mlango wa nyuma. Presi ilikuwa kwenye gari la Clete. Bamba lilikuwa tupu, matundu manne yananitazama.

Nikakinyakua kibao cha mashine ya nyama, nikakibwaga kwenye bamba, nikaingiza bolti, kila moja mizunguko miwili mitatu. Nikatia kipande cha mkate mkavu, nikazungusha. Ule haukuwa mlio wako hata kidogo. Mama akaachia komeo. Akaja akipapasa friji, akaweka kiganja juu ya mashine, nayo ikayumba.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi, Mama."

Akazigusa bolti moja baada ya nyingine, kama anahesabu vifungo vya shati la mtoto. "Zinacheza. Verlin angekaza."

"Angekaza, Mama."

"Verlin hayupo," akasema. Hakuuliza, na hakulia. Alibaki ameshika ile bolti ya nne. "Na wewe, Harlan, tangu utotoni hukazi kitu. Unataka kiwe rahisi kutoka."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima jina langu kutajwa ndani ya nyumba ile. Alikuwa amesema kweli.

"Sasa kaza," akasema. "Halafu toa nyama. Mkate gani unasagwa na mtu mzima."

Nikakaza. Alisaga mwenyewe, ameegemea kaunta, mpaka saa kumi na moja na nusu. Jioni ile nikampigia Janelle, nikamwambia kile kitanda wampe mwingine. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Sikuwa na hakika, lakini nilimwambia ninayo.

Usidhani mambo yamekuwa mepesi. Jumanne niliitwa Verlin, na Jumatano pia. Clete alirudisha presi, na alipoulizwa alisema hakuwahi kuishusha garini. Saa kumi navuta. Siku nyingine Mama anataka kusaga, basi presi inampisha. Zipo asubuhi natazama barabara mpaka macho yananiuma, na begi langu bado liko nyuma ya mlango. Sikwambii kwamba nafurahi, kwa sababu hukupenda mtu aongee uongo jikoni. Nimefungwa bado. Ila safari hii aliyekaza ni mimi.

Leo Clete atakuja na kipimio, atakifunga kwenye bamba, na kopo moja, jipya, tutakaloliona sote likifunguliwa. Tutamtengenezea Bi Ottilie risasi zake ishirini. Redio itazimwa. Mama ameahidi hatasemesha mtu, na sisi tumejifanya tunamwamini.

Unakumbukwa na mama yako, Thora, siku anazojua na siku asizojua. Na binti yako, Janelle, ambaye kijisanduku cha risasi ulichokiandika jina lake hajakifungua. Na jirani yako Clete Amundson. Na Bi Ottilie Fenske, ambaye kabati lake limejaa na bado anazisubiri za mwaka huu. Na kaka yako, Harlan.

Huwezi kututoka, Verlin, maadamu bamba lako liko pale na yupo wa kuvuta. Tunaanza saa kumi. Bolti zote nne nimezikaza.