Gari la Arbatax Hupakiwa Mwisho

Ndani ya Donna Assunta, 9 Juni 2010

Mama Mkubwa Efisia,

Shikamoo. Hujambo? Goti linasemaje? Mimi mzima, nipo baa ya meli nawauzia kahawa mbaya watu wanaotapika. Mama naye huko bara, Torre del Greco, anagombana na jengo zima, kwa hiyo afya anayo.

Najua tumeonana mara mbili tu, na zote uliniangalia kama mtu wa kodi. Barua hii ataileta Bore, yule anayefunga kamba za meli hapo gatini kwenu. Stempu sina, nimempa soksi.

Habari yenyewe ni hii. Bibi yetu Donna Assunta, meli yetu hii, ameuzwa. Alikuwa mrembo, mweupe, mabaharia wa Livorno walikuwa wanampigia miluzi. Halafu wakamwongezea ghorofa mbili juu ili abebe watu zaidi, tangu hapo anatembea kama mama aliyejitwika kabati. Amebeba malori, wanajeshi, maharusi, kondoo wenu, na maiti waliokuwa wanarudishwa kuzikwa kwao. Sasa kutu ndiyo imeshikilia rangi. Septemba anafanya safari ya mwisho, kisha Uturuki, wakamkate vyuma. Na kampuni haileti meli nyingine hapo kisiwani kwenu Arbatax.

Mama ndege hapandi hata umfunge kamba. Ndiyo maana nasema ni sasa. Najua ndiyo meli hii hii aliyoondokea, akamfuata baba yangu mpishi, bila kukuaga, ukajulia gatini. Lakini lile kosa ndilo lililonizaa mimi, na mimi mtu mzuri, waulize abiria.

Nimlete? Sema ndiyo tu.

Mwanao,
Aniello

---

Arbatax, 18 Juni 2010

Aniello,

Marahaba. Goti ni bovu, usijifanye linakuhusu. Nimefurahi kusikia mama yako mzima, maana mtu wa kugomba naye lazima awe mzima.

Unasema hakuniaga. Hukusema kwamba baba yetu alinilaza nje siku mbili akidhani nilijua. Kamuulize kama hilo analijua.

Aje. Sitamfuata, sitampungia mkono, lakini nitakuwepo gatini. Nitatengeneza kulurjones za unga wa ngano, ndani viazi na mnanaa, zile tunazozifunga kwa vidole kama suke la ngano. Nimfungie nani hizo sukesuke peke yangu? Mwambie asichelewe, zikipoa zinakuwa mawe.

Mama yako Mkubwa,
Efisia

---

Ndani ya Donna Assunta, 12 Julai 2010

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na nakuomba uketi kwanza. Natumaini presha haijapanda. Mimi mzima, ingawa mama kanipiga kwa kandambili mbele ya abiria.

Wacha nikueleze, maana wewe uliyoyaona ni ya nje. Mama alikuja na kile kigari chake cha Fiat, kimejaa mpaka dirishani: mashuka, vikombe, shanga za marijani, shati la mumeo ambaye nilisahau kumwambia alishafariki. Mimi ndiye ningekiendesha mpaka kwako. Nikamwambia Catello, mpangaji wetu wa magari, "Kaka, hiki kiweke pazuri, kisikwaruzwe." Akaniuliza, "Kinashuka wapi?" Nikamwambia, "We kiweke pazuri bwana, maswali ya nini!" Nilikuwa na biashara ya mito ya kulalia, abiria wamenizonga.

Catello akakiweka pazuri kweli. Chini kabisa, kwenye kona, kwa ndani. Hata mtoto wa Civitavecchia, tunakopakia, anajua gari la Arbatax hupakiwa mwisho, likae mlangoni. Tumefika kwenu alfajiri, mbele ya kigari kuna malori yote ya Cagliari, bandari inayofuata.

Nikamwambia, "Mama, shuka kwa miguu, gari nitalileta." Akasema, "Niliondoka mikono mitupu. Sirudi mikono mitupu." Nikambembeleza, nahodha naye akabembeleza. Wapi! Mlango ukafungwa.

Alipokuona gatini alikimbilia ukingoni kukuita. Ukageuka ukaondoka. Tulipofika Cagliari nikamwambia, "Basi la Arbatax hilo hapo." Akajibu, "Amenipa mgongo, nimeuona." Akarudi bara na meli, na safari ya kurudi haipiti kwenu.

Kosa ni langu, si lake.

Mwanao,
Aniello

---

Arbatax, 16 Julai 2010

Aniello,

Sijambo.

Meli ile ile, gati lile lile, na yeye yuko ukingoni anazidi kuwa mdogo. Ulitaka nisimame nimtazame mpaka aishe? Nilishasimama mara moja, nikiwa msichana.

Kulurjones wamekula wafunga kamba. Bore kasema chumvi imezidi.

Usiniandikie tena.

Efisia

---

Ndani ya Donna Assunta, 30 Agosti 2010

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hii ni ya nne tangu unikataze, tatu hukujibu. Bore anasema unazipokea na unazisoma umesimama mlangoni, basi mimi naendelea.

Huku wameanza kung'oa vitu. Juzi wamechukua piano, jana viti vya daraja la kwanza. Abiria mmoja kaniuliza, "We kijana, hii meli itafika?" Nikamwambia, "Mzee, imefika miaka thelathini na nne, leo ndiyo ikuchoke wewe?"

Mama haongei habari zako. Zamani alikuwa anakusema vibaya kila siku, nyumba ilichangamka. Sasa kimya, na hata majirani hagombani nao tena. Hilo ndilo linalonitisha.

Safari ya mwisho tutapita Arbatax Jumamosi, tarehe 25 Septemba, alfajiri. Sikuombi kitu. Nakupa ratiba tu.

Mwanao,
Aniello

---

Torre del Greco, 3 Oktoba 2010

Mwanangu Aniello,

Hujambo? Umepona ule mkono? Uliponiona napanda ngazi na sanduku ukajimwagia sinia zima la kahawa, na hiyo kahawa, nilipoionja, ilistahili kumwagwa.

Catello wako aliniuliza kama nina gari. Nikamwambia, "Nina miguu miwili, na hii hunipangii."

Nimezungushwa mpaka Cagliari kama gunia, nimevuka bahari usiku mzima kwenye kiti kilichong'olewa mto. Lakini ameogelea vizuri huyo bibi yenu. Mwambie nimesema, kabla hawajamkata.

Treni uliyonipandisha ilichelewa. Mama yako alifungua mlango, akaangalia mikono yangu, akasema, "Hukuleta kitu?" Nikamwambia, "Nimejileta." Akaanza kunigombeza palepale kwamba ningepiga simu akapika. Jirani wa chini akafungua dirisha kusikiliza. Tuligombana mpaka saa ya chakula, tukala, tukaendelea. Habari ya baba kunilaza nje hakuwa anaijua. Alinipakulia tena bila kuniuliza.

Jana kaniuliza nitarudije nyumbani, na meli ndiyo hiyo imeuzwa. Nikamwambia, "Ndiyo, ni tatizo kubwa."

Zipo meli za Olbia, bandari nyingine ya kisiwa chetu, kila siku. Yeye hajazitaja, na mimi sijazitaja. Nawe ukija, funga mdomo.

Mama yako Mkubwa,
Efisia