Kikwembe Yenye Haikulowana Maji

Lubumbashi, kwa mudogo wako

Sifa, mutoto wangu wa kwanza,

Amani ya Bwana ikukute umekula vizuri, na ile kikohozi imekuachia. Unakunywa majani yenye nilikuachia? Usinidanganye, najua unasahau. Sisi huku tunapumua. Muke wa mudogo wako amezaa salama, mutoto mwanamuke, sauti yake kama firimbi ya treni. Ni baridi tu njo inataka kunimaliza. Asubuhi maji ya ndoo inauma vidole, na mimi nawaza muto yetu ya Lualaba kule Kindu, vile tulikuwa tunaosha sahani kule chini na maji iko ya uvuguvugu, harufu ya samaki na mawese inatufuata mupaka nyumbani.

Juzi kwa telefone uliniambia: «Mama, wananibatiza! Pasteri anataka jina ya mama mwenye atanipokea. Nimempa yako.» Nikasema asante Yesu, kisha nikasema mutoto analia, nikakata. Mutoto hakulia. Mimi njo nililia.

Desturi ya kanisa letu unaijua. Mwenye kutoka majini anapokewa na mama mubatizwa, anafungiwa kikwembe kavu, ile kitambaa ya kujifunga, mbele ya watu wote. Asiyebatizwa hawezi kupokea mutu. Sifa, mimi sikubatizwa.

Tulia. Soma mupaka mwisho, kisha ukasirike.

Ulikuwa na miezi tano wakati vita ilitufukuza Kindu. Baba yako alikuwa mbali, kwa kazi ya reli. Nilikimbilia pori ya upande wa Kailo, wewe mugongoni, pamoja na shangazi yako Mwamini. Na yeye tulikuwa hatusemezani. Siku ya ndoa yangu alisema mbele ya wageni kama kaka yake ameoa fimbo ya kuanikia nguo, sababu nilikuwa mwembamba. Nilimuchukia kabisa. Kule porini mimi nilikuwa na chumvi kidogo, nimeifunga kwa ncha ya kikwembe, naificha. Yeye anakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, machozi inamutoka, haombi. Siku moja tukiwa tunatwanga, kitu ilivunjika ndani yangu. Nilifungua ile ncha, nikamumwagia nusu mukononi. Akaangalia chumvi, akaniangalia.

«Kumbe fimbo iko na chumvi!»

Tulicheka, tukazibana midomo, askari wasitusikie. Siku ile niliomba Mungu anisamehe, na nikajua kama yule mwanamuke mwenye kuficha chumvi amekufa, mwingine amezaliwa. Pasteri hakukuwa pale, mutoni hatukufika. Ilikuwa ni sombe tu.

Vita ilipotulia kidogo tukarudi. Nilifuata mafundisho ya ubatizo, nikashika yote kwa kichwa, maana wakati ule sikujua kusoma hata jina yangu. Siku ya maji tulipanga mustari. Majina ilikuwa imekwisha kuandikwa ndani ya daftari tangu jana yake. Shangazi yako, yeye alikuwa mubatizwa wa zamani, akasimama pembeni, wewe kwa mukono moja, kikwembe yangu kwa mukono ingine. Mbele yangu alibakia mutu moja tu. Maji imefika kwa magoti. Bunduki ikalia upande wa bandari. Yesu wangu! Pasteri alikimbia na kanzu yake nzito, anaanguka, anasimama. Nilikunyang'anya kwa mukono ya shangazi, na mbio.

Vita ilipoisha, pasteri mupya alifungua daftari, akagawa karti za ubatizo. Akaita jina yangu. Nikajibu: «Niko!»

Nilipata haya, mwanangu. Nikajiambia Mungu aliona magoti, zingine atajaza mwenyewe. Tangu ile siku ninakula meza ya Bwana, ninaimba kwaya, ninafundisha wamama wengine.

Sasa huku, kila asubuhi ninamuogesha mujukuu wangu. Siku moja nikiwa na sabuni mukononi nikasimama. Nikawaza: huyu hakuzaliwa ndani ya beseni. Alizaliwa mbele, akalia, tukajua iko na uhai. Maji imekuja nyuma. Hata mimi nilizaliwa kule porini, hiyo sitabishana na mutu. Wokovu Mungu alinipa bure, hakunipimia kwa ndoo. Lakini ni mama gani anazaa mutoto, anamuacha miaka yote hii bila kumuogesha, anamufunika nguo nzuri tu ili watu wasione? Nilikaa chini. Muke wa mudogo wako akauliza: «Mama, mugongo?» Nikasema ndiyo, mugongo.

Basi sikia. Nenda kwa pasteri, umwambie kweli yote, usipunguze. Jina yangu ya kupokea, aifute. Shangazi Mwamini akupokee wewe. Na chini ya jina yako, kwa wale wenye kubatizwa, aandike yangu. Omba asogeze siku mbele kidogo, sababu treni ikitoka hapa haijui siku ya kufika. Wamama wa kwaya watacheka, wacheke. Wakinitoa mezani, nitakaa kwa benchi ya nyuma. Naogopa, Sifa. Lakini kufa na karti ya uwongo ndani ya sanduku, hiyo naogopa zaidi.

Salimia mume wako, na mikono yake ya mafuta ya baiskeli. Salimia jirani yetu muuza mikate, mwambie mutoto wa huku anaitwa kama yeye. Na shangazi yako: kikwembe ilibakia kavu mukononi mwake, alijua miaka yote hii, hakunisema hata siku moja. Mwambie fimbo inarudi majini.

Kikwembe ile ninayo, yenye maua ya bluu. Haijalowana hata kidogo. Nitakuja nayo. Wewe uingie mbele yangu. Ukishatoka utakuwa mubatizwa, basi wewe njo utanipokea. Usimame karibu, mwanangu. Maji ya Lualaba inavuta, na mimi sijui kuogelea.

Mimi mwenye kukuzaa,
Mama Sifa