Jiko la Uani

Tunduma,
Jumanne mchana

Shikamoo Baba,

Nakuandikia nikiwa ghalani, nimekaa juu ya gunia la maharage, mlango nimeurudisha nusu. Kwanza kifua chako. Mama aliniambia kikohozi cha asubuhi kimepungua, ila ukungu ukishuka kinarudi. Je, lile koti nililokutumia unalivaa, au bado unalitunza kwa ajili ya kanisani? Na goti la Mama? Mahindi ya bondeni mmeshapalilia? Mimi mwili ni mzima. Chakula nakula, usingizi ndio unanipa shida.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ya nyumbani, Mama akiipokea huiweka sauti ya juu, uwanja mzima husikiliza, na mama mkubwa wa ng'ambo ya kijito huitikia salamu ambazo hazikuwa zake. Hili la leo sitaki lisikike uwanjani. Lisome mwenyewe kwanza, kisha umsomee Mama polepole.

Baba, huenda Jumamosi nikafukuzwa kazi. Nitaeleza tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitajitetea, na sitaki kujitetea kwako.

Tajiri wangu, Mama Zuhura, mwenye ghala hili, yuko Dar es Salaam tangu mwezi uliopita. Alifanyiwa upasuaji wa macho. Kusoma hawezi, kuandika hawezi, kwa hiyo maagizo yote hunitumia kwa sauti kwenye simu. Unakumbuka nilikwambia ana nyumba ya kupangisha upande wa juu wa barabara kuu, ndipo na mimi alinipa chumba. Akiwa hayupo naiangalia mimi. Wiki mbili zilizopita alinitumia sauti, nimeisikiliza mara nyingi hadi naweza kuisema bila kukosea neno. Alisema hivi: "Karani, jiko la kule uani, lile la bati, limeoza. Wapangaji wamenichosha. Litoe, weka lingine. La kawaida tu, usinitie gharama." Na hela akatuma.

Uani kulikuwa na jiko la mabati, kuta na paa, alilolijenga zamani alipokuwa akiuza chakula pale. Lilikuwa limeoza kweli. Ukisimama ndani unaona malori yamepanga foleni barabarani kupitia matundu ya ukuta. Kwa hiyo sikushangazwa na agizo. Kilichonishangaza ni hela. Zilikuwa ndogo mno kwa jiko. Nilizitazama nikafikiri, ananipima. Anataka kuona kama najua kubana matumizi.

Ningeuliza. Najua utasema hivyo, na sentensi hiyo nimejiambia kila siku. Lakini mwezi wangu wa kwanza niliwahi kumuuliza mara mbili juu ya gunia moja, akaniambia mbele ya wapagazi, "Nimeajiri karani au nimeajiri maswali?" Wapagazi walicheka wiki nzima. Wakiniona wananiita Dada Swali. Tangu siku hiyo nikipewa agizo naitikia, kisha naenda kulifikiria peke yangu.

Nikamtafuta Fundi Lameki, mwashi anayekaa Nakonde upande wa pili wa mpaka, anavuka kila asubuhi na mwiko wake kiunoni. Akalizunguka lile jiko, akaniuliza nina kiasi gani. Nilipomtajia akavua kofia.

"Mukwai," akasema, ndivyo wasemavyo kwao wanapomheshimu mtu, "kwa hela hii ukuta mmoja najenga. Zile tatu utazichora na hiyo kalamu yako."

Nikamwambia mabati tutatumia yaleyale, na matofali nitatafuta ya vipande. Akairudisha kofia kichwani. "Wewe siyo karani," akasema, "wewe ni mama wa watoto kumi." Tukakubaliana, tukabomoa asubuhi ileile. Haikuchukua hata saa moja. Nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, bati la pili lilipong'olewa yaliyobaki yakaanguka yenyewe.

Jioni akarudi Mama Tumpe. Huyu ni mpangaji wa chumba cha kwanza, anapika chapati na maharage anawauzia madereva walio kwenye foleni. Ana watoto watatu. Aliingia uani na sufuria kichwani, akasimama. Akaitua chini. Akatazama pale palipokuwa na jiko, akanitazama mimi.

"Karani, upepo umepita hapa?"

"Hapana Mama Tumpe. Tunajenga jipya. Ulilalamika, Mama Zuhura amekusikia."

"Nililalamika nini?"

"Jiko."

Akakaa juu ya ile sufuria, Baba, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mimi nilimpigia simu nikamwambia mbaula. Ile kubwa, kitako kimeoza, inadondosha makaa, nusura imuunguze mwanangu mguu. Yeye ni mtu wa Tanga, akaniuliza mbaula ni nini. Nikamwambia ni jiko, mama, jiko la bati, la mkaa. Jiko. Sikumwambia jiko la kuingia mtu."

Nikatazama chini. Ile mbaula ilikuwa karibu na mguu wangu, tumeitoa nje wenyewe ili isitupe shida wakati wa kubomoa.

Mimi, Baba. Mimi niliyekua nikikushikia ncha ya bati wakati unalikata. Hapo kwetu kitu kile hatujawahi kukiita jiko hata siku moja. Ulitengeneza mbaula, tuliuza mbaula, karo yangu ililipwa na mbaula, na jiko ni pale Mama anapoingia kupika. Shuleni nilifundishwa kwamba wengine huita vyote viwili jiko, na mtihani niliujibu vizuri. Lakini sauti ya Mama Zuhura iliposema jiko, sikio langu lilisikia la nyumbani. Na hela zile zilizonishangaza zilikuwa hela sahihi kabisa za mbaula moja kubwa. Hakuwa ananipima. Alikuwa ananiambia tu.

Mama Tumpe akatoa simu. "Nimpigie?"

Nikamwomba asimpigie. Nilimwomba kwa namna ambayo sitaiandika. Akairudisha simu kwenye kanga. "Mimi si mtu mbaya, mwanangu. Lakini leo nitapika barazani, moshi utaingia kwa Mwalimu wa chumba cha pili, na Mwalimu akikasirika hasemi, anaacha tu kusalimia. Mvua ndiyo hii. Akirudi mwenye nyumba akakuta hatuna pa kupikia, nitasema nilichoona."

Mama Zuhura anarudi Jumamosi hii.

Tangu siku ile nimejenga jiko. Sina neno jingine. Matofali nilipata Mlowo, kwenye tanuri la mtu aliyekuwa na lundo la vipande visivyonunuliwa, yakaja kwa lori lililokuwa linarudi tupu. Nguzo za mti wa mlingoti zilitoka Ruanda, ile ya huku mkoani, kwa jamaa wa mpagazi mmoja, yuleyule aliyenibandika jina la Swali. Aliponiletea akasema, "Leo swali limepata jibu," nikacheka kidogo. Maji ya kukandia udongo nilibeba mimi kabla ya kazi na baada ya kazi. Mabati tuliyanyoosha kwa nyundo, nikampa Fundi Lameki yale mazima kwanza, yenye matundu tukaziba kwa lami. Kuta ni za tofali hadi kifuani, juu bati, na kati yake tumeacha nafasi ya moshi kutoka, nikiikumbuka ile uliyoiacha kwenye jiko la Mama. Hela ilipoisha nilijazia, usiniulize kwa nini sikutuma kitu mwezi huu. Ndiyo hiyo.

Jana tulimaliza. Mama Tumpe akaingia, akainua mkono akagusa bati, akazunguka. Mwalimu naye akachungulia, akasalimia. "Hili jiko," Mama Tumpe akasema, "mtu anaweza kusimama humu bila kulia." Kisha akaangalia sakafuni. "Sasa mbaula iko wapi?"

Tukaenda kuichukua. Ilikuwa imenyeshewa siku zote hizo. Fundi Lameki aliishika masikio yote mawili, akainua, na kitako kikabaki chini kwenye tope.

Nikakiokota kile kitako.

Kwa hiyo hapo ndipo nilipo, Baba. Nimejenga nisichotumwa, na nilichotumwa sina, na hela yake imeisha. Nimerekodi sauti ya kumweleza Mama Zuhura mara nne, nikaifuta mara nne. Kwenye ya kwanza nilisema Mama Tumpe hakueleza vizuri. Kwenye ya pili nilisema mtandao ulikatakata sauti yake. Ya tatu na ya nne sitaki kuzikumbuka. Nilipojisikia nadanganya kwa sauti ile yangu ya heshima niliogopa kuliko nilivyoogopa kufukuzwa. Nimeamua nitamwambia akifika, nikiwa nimesimama ndani ya hilo jiko, neno lipi nilisikia na kwa nini sikuuliza. Akinifukuza nitashuka Vwawa kutafuta kazi, ama nitarudi nyumbani. Usiku huwa najiuliza utanitazamaje nikishuka kwenye gari na begi.

Msalimie Mama, mwambie kwenye hiki kipindi cha mvua asiende bondeni na lile goti. Msalimie mama mkubwa wa ng'ambo ya kijito, na shangazi anayeuza chumvi, na mzee wa kanisa aliyeniandikia barua ya utambulisho nilipokuja huku. Asijue haya kwanza. Msalimie kaka Ambakisye, nimesikia siku hizi nyundo anashika yeye na wewe unapima tu. Nilifurahi kusikia.

Nimezunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lililonifanya nichukue karatasi. Barua hii nampa dereva wa gari la maharage, anapanda huko kesho asubuhi na kushuka Ijumaa. Ameniahidi kubeba mzigo mmoja. Sitaki kumficha Mama Zuhura kitu. Nataka tu akiniuliza kile alichonituma kiko wapi, niwe na cha kumwonyesha. Kama kifua kinakuruhusu upime, na kama Ambakisye ana bati zito la pipa, naomba mnitengenezee.

Naandika kwa herufi kubwa, Baba, ili safari hii pasiwe na wa kukosea: naomba MBAULA. Ile kubwa ya kukalia sufuria la maharage, kitako mara mbili, masikio ya chuma. Jiko lisikusumbue. Jiko tunalo.

Ni mimi mwanao ninayekuogopa na kukutegemea,

Atuganile