Neno Lililobadilishwa Katika Aya ya Saba

Sokon I, Arusha

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi goti lako? Unaweza sasa kuingia majini kukagua mwani, au bado unawatuma wenzako? Mimi nina afya, ila baridi ya huku Meru imenikausha midomo.

Nimeandika badala ya kupiga simu ili nikutumie karatasi iliyomo humu ndani. Nampa Bi Fatu aje nayo, maana sijui tena nimwamini nani.

Unajua alikuja kuwawakilisha wakulima wa mwani kwenye kikao cha hoteli moja huku Sekei. Mimi niliajiriwa hapo kuchapa kumbukumbu. Walikuwa wanaandaa maoni ya watu wa pwani kuhusu sheria mpya ya vitalu vya mafuta na gesi baharini. Siku ya kwanza wote walikubaliana kwamba waziri asitoe kitalu bila ridhaa ya Bunge, na vijiji visikilizwe kwanza. Bi Fatu alisema mtu mmoja asipewe bahari nzima aigawe kwa kalamu yake. Nilichapa hayo mwenyewe kama aya ya saba, nikamtolea nakala ya herufi kubwa kwa sababu ya macho yake.

Jioni, mtaalamu aliyekodiwa kuandaa ripoti alichukua faili, akasema anarekebisha lugha. Kesho yake nakala za kusaini zilipofika, niliisoma aya ya saba mara tatu. Palipokuwa na "asitoe kitalu bila ridhaa ya Bunge" paliandikwa "atoe kitalu baada ya kulijulisha Bunge".

Nilimfuata nikamuuliza. Alitabasamu.

"Ni lugha tu, Somoe. Kazi yako ni kuchapa."

Tabasamu lile ndilo lililonitia shaka zaidi. Wakati wa chai nikamweleza Bi Fatu. Tuliporudi ukumbini alisimama, akaomba aya ya saba isomwe kutoka kwenye nakala yake. Nikaisoma mimi, mama. Mwenyekiti akauliza nani amebadilisha. Mtaalamu akasema mchapaji amekosea.

Bi Fatu akamjibu taratibu, "Mchapaji ndiye aliyenipa hii iliyo sahihi."

Wajumbe waligoma kusaini mpaka maneno ya kwanza yarudishwe kwa kalamu, na kila mmoja akatia saini pembeni yake. Nilidhani yamekwisha. Lakini mtaalamu aliondoka na karatasi zote, na asubuhi iliyofuata niliambiwa nisirudi kazini. Sasa nasikia kuna nakala nyingine, safi, isiyo na maandishi ya mkono, itazungushwa vijijini ipigwe mihuri. Aliyeituma hatajwi. Labda nazidisha wasiwasi, lakini bora niwe mjinga kuliko ninyamaze.

Humu ndani ni aya ya saba kama ilivyosainiwa. Niliipiga picha kwa simu kabla mtaalamu hajaichukua. Yeyote atakayekuja na karatasi, hata akiwa mpole na amevaa vizuri, linganisheni neno kwa neno.

Nisalimie bibi, na wifi yangu aliyejifungua. Mtoto nitamwona Mungu akijalia. Msalimie pia mjomba, afisa mtendaji wetu. Mwambie kwa heshima zote kwamba nampenda, na kwamba mhuri wa kijiji asimwazime mtu, hata kwa dakika moja.

Mwanao anayekuwaza,
Somoe